Tofali la Tano

Ilikuwepo nchi, na waliotoka huko juzi wanasema bado ipo, ambayo haikuwa na shida hata moja ila zile zilizokuwa zikishughulikiwa. Jina lake tuliache. Wenyewe wana sheria juu ya kutajwa, na sisi hatutafuti ugomvi na mtu. Tujue tu kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na Wizara ya Hewa Safi, Tabianchi na Mapokezi ya Wageni, na kwamba viongozi wake waliwapenda wananchi mno. Waliwapenda hata hawakuthubutu kufanya jambo lolote bila kuwauliza kwanza, na wakishawauliza hawakuthubutu kulifanya.

Katika nchi hiyo, kata ya Bondeni, aliishi Bi Sikudhani, fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa huko chini, pale maji yote ya kata yanapokwenda kupumzika. Aliishi na baba yake, Mzee Mbaruku, ambaye miguu ilikuwa imemkataa mwaka wa sita huo akawa mtu wa kitandani, lakini ulimi haukumkataa hata siku moja. Enzi zake mzee alikuwa mchimbaji. Mtaro mkubwa uliopita nyuma ya nyumba, uliokuwa ukichukua maji ya mvua mpaka mtoni, aliuchimba yeye na wenzake kwa mikono yao, zamani, kabla serikali haijagundua kwamba mitaro ni maendeleo.

Sasa mtaro ulikuwa umeziba. Mchanga, chupa za plastiki, godoro la watu wasiojulikana, vyote vilikuwa vimejipanga humo. Kila masika maji yalikosa njia, yakageuza, yakaingia kwa Bi Sikudhani bila kubisha hodi. Masika ya kwanza aliweka tofali mojamoja chini ya miguu ya kitanda cha baba yake. Masika ya pili akaongeza la pili. Wakati wa hadithi hii kitanda kilikuwa juu ya matofali manne, na Mzee Mbaruku aliweza kuona njia nzima kupitia dirishani bila kuinua kichwa.

"Napanda cheo," alikuwa akisema. "Nikifika paa nitakuwa waziri."

Bi Sikudhani alicheka kila mara, lakini moyoni hakucheka. Baba yake alikuwa pande la mtu, wa kumbeba hayupo, nyumba ya kuhamia haipo. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: mtaro uzibuliwe kabla ya masika, ili baba yake afe kwa siku yake na si kwa maji ya kata.

Sasa atatokea mwenye haraka aulize, si angeuzibua mwenyewe? Hebu na tuseme taratibu. Mtaro ule ulikuwa mali ya umma, na kugusa mali ya umma bila kibali kulikuwa kosa la kuhujumu miundombinu. Alishakwenda kuomba kibali mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Mara ya pili aliambiwa barua imefika. Mara ya tatu aliambiwa barua imefika ila haijaingia. Mara ya nne Bwana Lwimbo, Afisa Ushirikishwaji wa Wananchi, kijana mnene mwenye tai iliyomfika kitovuni, alimwambia kwa upole:

"Mama yangu, una bahati. Usichimbe. Fungu linakuja."

*

Na kweli likaja. Lilikuwa Fungu la Wananchi la Kupambana na Tabianchi, lililotoka ng'ambo kwa watu wema, na sharti lake lilikuwa moja: wananchi wenyewe wachague kwa kura mradi wanaoutaka. Bwana Lwimbo aliitisha mkutano katika uwanja wa mnada, akapanda juu ya meza.

"Ndugu wananchi! Zamani mlikuwa mnaletewa maendeleo bila kuulizwa. Ule ulikuwa ukatili! Sasa mtaulizwa bila kuletewa..." Akasita, akaangalia karatasi yake, akageuza ukurasa. "Bila kuletewa usumbufu!"

Watu wakapiga makofi. Makofi katika nchi ile yalikuwa hayangoji sentensi iishe.

Akaeleza kwamba kura haitakuwa ya karatasi. Karatasi ni mti uliouawa, alisema, na haiwezekani kuokoa mazingira kwa kuua miti. Kwa hiyo watu watapanga mstari. Kila mradi utakuwa na mtu mmoja wa kuushikia bango, na wanaoutaka watajipanga nyuma yake. Baada ya hapo akawagawia wote kitabu cha kanuni, kurasa arobaini kila mtu, na waliojua kusoma wakapewa viwili.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Kanuni ya Saba ilisema: mtu akitoka mstarini, kura yake imetoka. Kanuni ya Tisa ilisema: mstari ukikatika, mradi umekatika. Kanuni ya Kumi na Moja ndiyo iliyokuwa na utamu, maana ilisema kuhesabu watu wanaozidi mia ni kazi ya Mhesabu Mkuu wa Taifa peke yake. Zamani kila kata ilijihesabia, na watu walikuwa wakipata majibu tofauti na yaliyotarajiwa.

Miradi ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa Mti wa Saruji, mrefu kuliko msikiti, wa kuwakumbusha wananchi umuhimu wa miti. Ungejengwa pale uwanjani, mahali uliposimama mkwaju mkubwa, na mkwaju ungekatwa kuupisha. Bango lake alishika Bwana Chande, mwenye duka la saruji, mtu aliyependa miti sana. Wa pili ulikuwa Feni Kubwa ya Kupoza Kata. Wa tatu ulikuwa mtaro.

"Mtaro nani atashika bango?" akauliza Bwana Lwimbo.

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Sikudhani. Angefanyaje? Akashika.

*

Siku ya kura jua lilitoka mapema kuliko maofisa. Mstari wa Bwana Chande ulipata hema na soda za baridi. Mshika bango wa Feni alivumilia mpaka saa tatu, koo likamkauka, akaweka bango lake chini akaenda kujipanga kwenye soda. Kwa hiyo Feni ikafa kifo cha kiu. Lakini watu wa Bondeni, jamani, wana vichwa vigumu! Walikuja na vigoda vyao, na watoto mgongoni, wengine bado wana alama ya maji ya mwaka jana kwenye suruali, wakajipanga nyuma ya Bi Sikudhani mpaka mstari ukazunguka mkwaju, ukapita mnadani, ukaishia mlangoni kwa kinyozi. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Hata kipofu angejua nani kashinda.

"Tumeshinda, mwanangu," Bi Sikudhani alimwambia Bwana Lwimbo. "Tangaza twende tukachimbe. Wingu hilo kule mlimani silipendi."

"Haraka ya nini, mama? Mhesabu Mkuu yuko njiani."

"Njiani wapi?"

Bwana Lwimbo akakohoa. Mhesabu Mkuu alikuwa ng'ambo, amekwenda kupokea tuzo ya ushirikishwaji. Angerudi kesho. Au keshokutwa. Cha msingi ni mstari usikatike.

Saa nane mchana wazee walianza kubanwa na haja. Ikabidi Bwana Lwimbo apekue kitabu. Akapata, Kanuni ya Kumi na Mbili: anayekwenda haja ataacha kandambili yake moja mahali pake, na kandambili hiyo itahesabiwa kuwa yeye kwa muda usiozidi dakika tano. Watu wakaanza kwenda chooni na kandambili moja, wakichechemea.

Bi Sikudhani akaona mwanga. "Basi sote tuache kandambili hapa, twende tukazibue mtaro, turudi!"

"Mama, unataka kutufungisha." Bwana Lwimbo alishika tai. "Mstari wa kandambili tupu ni mstari wa viatu, na viatu havijaandikishwa. Halafu kuzibua mtaro kabla ya matokeo ni kushawishi wapigakura. Mpigakura akiona mtaro unapitisha maji atapata hamu ya mitaro. Utakuwa umechafua kura."

Alisema kwa huruma. Alikuwa kijana mwenye adabu, mama yake alimlea vizuri, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi zaidi.

*

Wakalala pale pale, mtu na kigoda chake. Siku ya pili ikapita hivyo hivyo, jua utosini. Bwana Chande alituma watu wake wapite na trei za soda kando ya mstari wa mtaro, polepole, chupa zikitoa jasho. Mmoja wa watu wa Bondeni alinyoosha mkono, na aliye nyuma yake akampiga kofi la kisogo. Hakuna aliyetoka. Lakini Bi Sikudhani, aliyekuwa mbele kabisa, alikuwa na adhabu yake peke yake. Kutoka pale aliposimama aliliona paa la nyumba yake huko chini, bati lenye kutu na jiwe juu yake, umbali wa kuita mtu. Chini ya bati lile alikuwamo baba yake, na yeye hawezi kwenda hata kumgeuza ubavu.

Aliyekuwa akimgeuza ni jirani yake Mwanakombo, aliyeolewa kutoka kata nyingine na bado ameandikishwa huko, kwa hiyo Bondeni alikuwa na miguu lakini hana kura. Mwanakombo alimlisha mzee uji, akapanda kuleta habari, akashuka, akapanda.

"Shoga, baba anauliza kama umeshakuwa diwani."

"Mwambie nimekuwa kigingi."

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mlima ukapotea. Wingu lilikuwa limeumeza mzima. Bondeni hapakuwa na tone, lakini kila mtu mstarini alijua maana yake: maji ya mlimani huchukua saa moja kufika. Bango lilikuwa limemchosha mikono, akalishika kwa kulikumbatia. Akiondoka yeye, mshika bango, mradi umekwisha, na mwaka mzima utapita kabla ya fungu jingine. Akibaki, maji yatamkuta baba yake peke yake. Aligeuka akatazama mstari, na mstari ukamtazama yeye.

Mwanakombo akaja mbio, khanga imemshuka mabegani.

"Maji yamefika kizingitini!"

"Bwana Lwimbo!" Bi Sikudhani alipiga ukelele. "Baba yangu!"

Bwana Lwimbo alikuwa chini ya hema. Alifungua kitabu, akapekua, akapekua tena, na kwa kweli uso wake ulionyesha huzuni. "Mama, nimetafuta neno baba. Halimo."

Akaja Mwanakombo mara ya pili, safari hii amelowa mpaka magotini. "Tofali la kwanza limezama. Na baba kanituma. Anasema nikwambie maneno haya haya, nisipunguze: 'Mwambie Sikudhani mstari ni mstari hata ukitembea. Sisi mtaro ule tuliuchimba tukiwa mstarini.'"

Bi Sikudhani akachukua kitabu cha kanuni alichokuwa amekikalia siku tatu. Akasoma ya Saba, akasoma ya Tisa. Mstari usikatike, sawa. Mtu asitoke, sawa. Pa kusimama hapakuandikwa popote. Kilichotokea ni kwamba wakubwa walioandika kanuni hawakuwahi kuona mstari unaotembea, maana mistari yote waliyoijua ilikuwa ya watu wanaowangoja wao.

"Shikaneni mabega!" alipiga kelele. "Asiachie mtu! Mguu wa kulia kwanza!"

*

Aliyekuwepo siku ile husimulia mpaka leo. Mstari wa watu wa Bondeni uling'oka uwanjani kama kamba inayovutwa, Bi Sikudhani mbele na bango lake, ukateremka, ukapita dukani kwa Bwana Chande, ukapita kisimani. Bwana Lwimbo akakimbia kando yake huku ameshika tai.

"Mnakwenda wapi? Mama! Huku ni kuvunja sheria!"

"Hatujatoka mstarini, mwanangu! Kama unaona pamekatika, onyesha!"

Akakimbia mpaka nyuma kutafuta palipokatika. Hapakuwa na palipokatika.

Walipofika mtaroni waliingia humo vilevile walivyo, mmoja nyuma ya mwingine, toka nyuma ya nyumba ya Bi Sikudhani mpaka karibu na mto, na kila mtu akachimba mbele ya miguu yake. Walioishi kando walirushiwa majembe kutoka uani, wengine walitumia sufuria, wengine sahani, wengine mikono. Mkono mmoja bega la mwenzako, mkono mmoja mchanga. Chupa zikaruka. Godoro likatoka. Chini ya godoro likatoka bango la kitambaa la kampeni ya miaka sita nyuma, limeandikwa MITARO NI UHAI, na ndilo lililokuwa limeziba kuliko vyote.

Mvua nayo ikafika. Waliimba, wakalia, wakatukanana kwa mapenzi. Halafu upande wa mtoni ukasikika mlio mkubwa, kama mtu anayemeza maji baada ya kufunga, na mtaro ukaachia. Maji yakawapita magotini yakienda zake mtoni, na nyumbani kwa Bi Sikudhani yakaanza kurudi nyuma, tofali la tatu likaonekana, la pili, la kwanza.

Kutoka dirishani ikasikika sauti ya Mzee Mbaruku. "Upande wa kushoto hamkuchimba vizuri!"

Bi Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini ndani ya maji, bango mkononi.

Mvua ilipokatika, likatokea gari jeupe, na ndani yake Mhesabu Mkuu wa Taifa, mtu mfupi mwenye miwani, tuzo yake ameiweka pajani. Hakushangaa kuona wapigakura mtaroni. Alikuwa ameona mengi. Akatembea kando ya mtaro akihesabu kwa sauti, akipotea na kuanza upya mara mbili, akamaliza: mia tatu na kumi na wanane, mstari mmoja, haukukatika. Mti wa Saruji ulikuwa na sitini na mmoja na makreti matupu.

"Mtaro umeshinda," alisema, akapanda gari.

Kelele za furaha zilisikika mpaka kata ya pili. Siku ile Bi Sikudhani alimwogesha baba yake, akapika wali, akala, na kwa mara ya kwanza baada ya masika manne akasikiliza mvua, iliyorudi usiku, ikipiga bati bila kuinuka kuangalia sakafu.

*

Ingekuwa nchi nyingine, hadithi ingeishia hapo, watu wakaenda kulala. Lakini hii ilikuwa nchi makini.

Siku ya pili Bwana Lwimbo alikuja na tai mpya. Alikuwa amepiga simu wizarani, na wizara ilikuwa imefurahi mno. Haijawahi kutokea, alisema, mradi kushinda na kukamilika siku moja. Serikali imeweka rekodi. Waziri mwenyewe atakuja kuuzindua, na fungu lote lililobaki, kwa kuwa mtaro umeshachimbwa, litatumika kwa uzinduzi.

"Uzinduzi wa nini?" Bi Sikudhani akauliza. "Maji si yanapita?"

"Yanapita, ndiyo, lakini kienyeji. Hayajaruhusiwa rasmi."

Akaja fundi wa jiwe la uzinduzi. Kanuni ya Mawe, maana nayo ilikuwepo, ilisema jiwe litakaa katikati ya mradi. Fundi alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. Akapima urefu wa mtaro akagawa kwa mbili, akapima upana akagawa kwa mbili, akachomeka kijiti, na kijiti kikaangukia katikati ya mkondo, hatua kumi chini ya nyumba ya Bi Sikudhani. Jiwe lenyewe lilitakiwa liwe la wastani. Lakini lilipaswa kuandikwa jina la Waziri na vyeo vyake, na Naibu wake, na Katibu, na wafadhili, na Mhesabu Mkuu pamoja na tuzo yake, na Bwana Lwimbo kwa herufi ndogo pembeni. Majina hayakuenea. Wakaongeza upana. Yakazidi, wakaongeza tena. Saruji ya Bwana Chande ikamwagwa siku mbili, na lilipokauka, jiwe lilikuwa limegusa ukingo wa huku na ukingo wa kule, na kimo chake kilimfika mtu mzima kifuani.

Bi Sikudhani alilitazama. Akalizunguka. Akamfuata Bwana Lwimbo.

"Mwanangu, jiwe limeziba mtaro."

"Hilo ni suala la kiufundi, mama. Fundi kapima."

"Maji yatapita wapi?"

"Mama, wewe ndiye mshika bango. Ukiwa wa kwanza kulaumu, watu watakuelewaje?" Akashusha sauti. "Nimekupigania kazi. Utepe wa uzinduzi utashona wewe."

Na akaushona. Angekataa? Kitambaa kililetwa na askari wawili, na askari hao hao wakabaki kulilinda jiwe.

*

Waziri alikuja baada ya wiki mbili, siku ya jua, kwa kuwa siku za manyunyu ziliahirishwa, Mheshimiwa hapendi matope. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti tamu ya mtu asiyekatizwa. Alikata utepe wa Bi Sikudhani kwa mkasi wa dhahabu, akasema kwamba leo maji ya Bondeni yamepata uhuru wake, kwamba dunia nzima inaitazama Bondeni, na kwamba yeye binafsi, alipokuwa akiuchimba mtaro huu kimawazo kule ofisini kwake, alitokwa na jasho. Makofi yakapigwa kabla ya jasho.

Bi Sikudhani naye alipewa nafasi ya mwananchi. Alikuwa ameandikiwa sentensi moja ya shukrani. Akapanda, akashika kipaza sauti, akaiangalia ile karatasi, akaikunja.

"Mheshimiwa, shikamoo. Asante kwa kuja. Jiwe hili limeziba mtaro. Mvua kubwa ikija maji yatarudi nyumbani kwangu, na mimi nina baba mgonjwa. Naomba liondolewe, nakuomba kama mwanao."

Bwana Lwimbo akafumba macho. Waziri alitabasamu, tabasamu pana la kweli, akamchukua mkono Bi Sikudhani akauinua juu.

"Mmesikia? Katika nchi gani nyingine mwananchi wa kawaida anazungumza hivi mbele ya waziri? Hoja ya mama haiwezi kupuuzwa! Kuondoa jiwe la taifa si jambo la mtu mmoja kuamua, hata mimi siwezi. Ni mradi! Naagiza uingizwe kwenye kura ya mwakani, na bango lake atalishika mama huyu huyu!"

Makofi, vigelegele, ngoma. Watu wa Bondeni walipiga makofi pia. Askari walikuwa wengi siku ile, na mikono ya watu ilikuwa na mazoea yake.

Alipokuwa akipanda gari, Waziri alimwita Bwana Lwimbo akamnong'oneza. Wiki iliyofuata kikatoka kitabu kipya cha kanuni, kurasa arobaini na moja.

*

Masika yakaingia kwa nguvu zake zote siku ya Ijumaa. Maji yalishuka kutoka mlimani, yakakimbia mtaroni vizuri, yakafika kwenye jiwe, yakasoma majina yale yote, yakageuka. Askari wawili walisimama pembeni na makoti yao ya mvua. Mmoja wao hakuweza kumtazama Bi Sikudhani usoni.

Mwanakombo na majirani wanne waliinua kitanda, mguu mmoja baada ya mwingine, na Bi Sikudhani akasukumiza tofali la tano. Alifanya haraka, alishazoea. Paa la nyumba ile lilikuwa la chini, na walipokishusha, pua ya Mzee Mbaruku ilikuwa karibu na bati kiasi cha kulinusa. Majirani wakaondoka mbio kuokoa vya kwao.

Bi Sikudhani alipanda juu ya kigoda ili amfunike baba yake shuka. Wakawa wanatazamana, uso kwa uso, mvua inapiga juu yao kwa kishindo.

"Kura lini?" mzee aliuliza.

"Mwakani, baba. Mwezi wa pili."

"Mtapanga mstari?"

"Tutapanga."

"Basi utembezeni tena. Mfike pale, mkaling'oe."

Bi Sikudhani akamtengenezea shuka mabegani, ingawa lilikuwa limekaa vizuri. "Wameongeza kanuni, baba. Ya Kumi na Tano. Kila mtu mstarini atafungwa kamba mguuni na kigingi mpaka ahesabiwe. Hautembei tena."

Ulimi wa Mzee Mbaruku, ambao haukuwahi kumkataa, siku ile ulimngoja kwanza. Akautoa mkono wake ndani ya shuka, ule mkono mpana wa mchimbaji, akaunyoosha, na haukuwa na safari ndefu: kiganja kikalala chote juu ya bati.

"Mwakani usihangaike na tofali, mwanangu," alisema. "Hapa hapana nafasi ya tofali tena."

Bi Sikudhani alishuka kwenye kigoda, maji yakampokea kwenye vifundo vya miguu, akaenda kuinua cherehani.